Mkanda Nilioupishanisha

Zaituni, ambaye sasa anakalia kiti changu dukani, alikuja nyumbani juma lililopita amebeba kisanduku cha mbao kilichopakwa vanishi. Alikiweka mezani, akachomeka waya, na kijimto kilichokuwa ndani kikaanza kuzunguka polepole kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Ni mteja aliyemwachia. Kisanduku hicho huzungusha saa za otomatiki wakati mwenyewe hazivai, ili zisisimame.

"Shangazi," akaniuliza, "hii kitu iko na faida ao ni urembo tu?"

Nilimwambia aniache nimalize chai. Swali hilo nilikutana nalo miaka ya hamsini, hapa hapa Gisenyi, kando ya ziwa, na jibu lake lilivunja mashua na mkono wa mtu. Kwa kuwa nimestaafu, na macho yangu hayahesabu tena meno ya gurudumu dogo, nimeona nimwandikie yeye na wenzake jinsi ilivyokuwa. Anayetaka habari za vyeo asinisome. Duka letu lilikuwa na viti viwili, na maisha yangu yote nilipanda cheo mara moja tu, kutoka kiti cha mlangoni kwenda kiti cha dirishani.

Niliingia kazini kwa sababu ya mkono wa mjomba. Mjomba Rashidi, ndugu yake mama, alikuwa fundi saa karibu na soko. Babu zake walikuja huku kutoka Ujiji na mizigo ya chumvi na vitambaa, lakini yeye akageukia saa, kwa sababu, alivyosema, saa haziozi na panya hazili. Mwaka nilioachika nikarudi kukaa kwake, mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Mtu anayetetemeka anaweza kuuza chumvi. Hawezi kushika skrubu iliyo ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Mimi wakati ule nilikuwa nadarizi kofia za kuuza. Siku moja alisimama nyuma yangu akinitazama natoboa vitundu, safu baada ya safu, bila kukosea hata kimoja.

"Mwajuma," akasema, "weka hiyo sindano, njoo huku."

Alinipa saa ya mezani ya kengele, akaniamuru niifungue yote, nipange kila kipande juu ya kitambaa cheupe kwa mfuatano nilioutoa, kisha niirudishe. Niliirudisha, nikabaki na skrubu moja kiganjani. Saa ikalia ti-ti-ti vizuri kabisa.

"Inatembea," nikamwambia kwa furaha.

"Hata mlevi hutembea," akajibu. "Fungua tena."

Niliifungua mara tatu siku hiyo, na mara nyingine nyingi mwezi ule. Vifaa vyetu vilikuwa vibano viwili, bisibisi tano, kioo cha jicho kilichoniachia duara jekundu usoni mpaka wanawake wa jirani wakadhani napigwa, na sindano ya mafuta. Mafuta ndiyo niliyochelewa kuyajua. Mjomba alitaka tone lisilotosha kulowesha mguu wa nzi, nami kwa miezi nilitia la kutosha kukaanga ndizi. Wateja walipoingia na kuniona mimi dirishani, waliuliza, "Fundi iko wapi?" Nilijifunza kutoinua kichwa. "Iko hapa. Saa yako iko wapi?" Baada ya mwaka mmoja walikuwa wameacha kuuliza.

Kisha zikaanza kuja saa za otomatiki, mikononi mwa Wazungu wa mashamba, makarani, na wafanyabiashara waliovuka mpaka kwenda Goma na kurudi. Kwa asiyezijua, ndani yake mna kipande cha chuma kizito kama nusu mwezi. Mkono ukitikisika nacho kinazunguka, na kuzunguka kwake kunakaza springi. Mwenyewe hana haja ya kutia ufunguo kila asubuhi. Akiivua, ile springi inaendelea kuishi kama siku moja na nusu, halafu saa inalala. Watu walizipenda kwa sababu ziliwasahaulisha jambo moja. Mimi nilizipenda kwa sababu nyingine: zilileta wateja wenye malalamiko mapya.

Wa kwanza ninayemkumbuka ni Bwana Sefu, mshonaji wa Mbugangari. Otomatiki yake ilikuwa inasimama kila adhuhuri. Niliisafisha mara mbili, ikasimama mara mbili. Akaanza kusema mtaani kwamba saa haipendi kuguswa na mwanamke. Basi nikafunga safari mpaka barazani kwake, nikaketi juu ya kinu, nikamtazama akishona. Miguu yake ilikimbia kwenye cherehani, mkono wa kulia ukapeleka kitambaa huku na huku, na mkono wa kushoto, wenye saa, ukakandamiza nguo mahali pamoja kama jiwe. Nikamvua saa, nikamvisha mkono wa kulia, nikaenda zangu. Haikusimama tena. Kwa hiyo, Zaituni, kabla hujafungua saa, mfungue kwanza mwenye saa.

Ningekuwa nimelishika somo hilo vizuri, habari ya Gaspard isingetokea.

Gaspard alikuwa nahodha wa mashua ya mota iliyopeleka watu, kahawa na samaki kusini mwa ziwa. Mtu wa ufukweni, Mkristo, mpole, mwenye mabega kama mlango. Mwenye mashua alikuwa Mgiriki mmoja tuliyemwita Bwana Kosta, mwenye ghala karibu na gati. Kosta ndiye aliyempa Gaspard saa ya otomatiki, zawadi, kwa kuwa katika miaka yote ile hakuwahi kuzamisha hata kikapu. Na saa kwake haikuwa pambo. Asubuhi za ukungu, wakati huoni hata pua ya mashua, Gaspard alishika mwelekeo wa dira kutoka kwenye rasi, akahesabu dakika thelathini na tano kwa saa yake, kisha akageuza kushoto kuingia ghuba ya kituo cha kwanza. Akigeuza mapema anakwama kwenye mchanga. Akichelewa, upande wa pili ni miamba.

Tatizo lake lilikuwa Jumapili. Jumapili aliogelea na watoto wake, na saa ile haikupenda maji, kwa hiyo aliivua Jumamosi jioni na kuivaa Jumatatu alfajiri. Nilimwambia kila Jumatatu aitie ufunguo kwa mkono, mizunguko thelathini, kabla ya kupanda mashuani. Alifanya hivyo miezi kadhaa, kisha akaja kulalamika.

"Dada Mwajuma, angalia hizi vidole." Alininyooshea mikono iliyovimba kwa kamba na maji. "Hii ni vidole ya kuvuta mashua. Na hiki kidude cha kuzungusha ni kadogo sana. Asubui na baridi, mi nashindwa. Hauna dawa ingine?"

Dawa niliyokuwa nayo ilikuwa kiburi. Katika gazeti moja la zamani la Kifaransa lililofungiwa vipuri nilikuwa nimeona picha ya mashine ya mafundi wa Ulaya inayozungusha saa za otomatiki. Umeme ulikuwa umekwisha fika dukani. Nilipata mota ya feni iliyotupwa na hoteli ya ufukweni, seremala akanichongea magurudumu matatu ya mti, makubwa kwa madogo, ili kupunguza mbio za mota, nikayaunganisha kwa mikanda ya ngozi ya cherehani. Mwisho wa yote palikuwa na mkono wa mti uliozunguka pole pole, mara tatu kwa dakika, nao umefungwa saa. Watu walikuja kuutazama. Padri mmoja alikuja mara mbili. Mjomba, ambaye sasa alikuwa anaona vivuli tu, aliugusa kwa vidole akasikiliza.

"Mashine nzuri," akasema. "Sasa nani ataiangalia mashine?"

"Mimi," nikasema.

Tukapatana na Gaspard kwamba ataniachia saa Jumamosi saa kumi jioni, nami nitamrudishia Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, mlangoni, akipita kwenda gatini. Nikamwambia maneno matatu ambayo mpaka leo yananiwasha ulimi: "Usitie ufunguo tena."

Kwa kama miezi miwili mambo yakaenda sawa. Kisha kiangazi kikashika, ngozi ya mikanda ikakauka na kulegea, na mkanda wa mwisho ukaanza kuteleza. Fundi mwenye subira angeukata na kuushona upya. Mimi niliuvua, nikaupishanisha kama namba nane, nikaurudisha. Mkanda ukipishanishwa unakumbatia gurudumu sehemu kubwa zaidi, hautelezi. Ukashika vizuri sana. Nikaijaribu mashine kwa saa yangu mwenyewe siku mbili nzima. Ikatembea bila kukosa hata nusu dakika. Nikaona nimetumia akili.

Jumatatu ya pili baada ya hapo, ukungu ulikuwa mzito, umechanganyika na moshi wa mashamba yanayochomwa. Nilimkabidhi Gaspard saa yake mlangoni, inatembea. Alinishukuru, akaenda. Kabla ya saa tatu asubuhi mji mzima ulikuwa unakimbilia ufukweni. Mashua ilikuwa imepita ghuba na kupanda miamba, ubao wa mbele umepasuka. Wavuvi waliwachukua abiria wote kwa mitumbwi, hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Lakini magunia ya kahawa yalikuwa yanaelea, na mama mmoja muuza samaki, jina lake Konsolata, alikuwa ameangukiwa na kreti na kuvunjika mkono.

Ilipofika jioni mtaa ulikuwa umekwisha hukumu. Jana yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili kuna pombe ya ndizi. Gaspard alikuwa amelewa, basi. Kosta alimfukuza hapo hapo gatini, mbele ya watu, na kumwambia arudishe saa.

Siku ya pili Gaspard alikuja dukani. Hakukaa. Alisimama ameshika kofia.

"Dada, Bwana Kosta anataka saa yake. Mbele ya kumurudishia, mi nakuomba uangalie ndani. Mi sikukunywa. Nilihesabu. Saa ilisema dakika makumi tatu na tano, nikageuza. Lakini mawe ilikuwa pale." Akaigeuza kofia mikononi. "Ao labda nililala nikiwa nasimama. Mutu anaweza kulala hivyo?"

"Uliitazama saa mara ngapi njiani?"

"Mwanzo, na mwisho. Katikati nilikuwa naangalia dira. Mikono yote mbili kwenye usukani."

"Na baadaye, saa ilikuwa inatembea?"

"Ilikuwa inatembea. Hata sasa inatembea."

Alipotoka niliifungua. Nilitafuta uchafu, nywele, meno yaliyoliwa, mafuta yaliyoganda. Saa ilikuwa safi kama siku ilipozaliwa, na ilinikasirisha, kwa maana saa yenye kosa ni rafiki wa fundi, na saa isiyo na kosa inakuangalia wewe. Nilikaa nayo mpaka alasiri. Mwishowe nikaacha mfuniko wa nyuma wazi, nikaishika wima kwenye mwanga wa dirisha, na kuigeuza polepole mkononi, kwanza kushoto. Kile chuma cha nusu mwezi kilizunguka, na gurudumu la kukaza springi likasogea jino kwa jino. Nikaigeuza kulia. Chuma kikazunguka vile vile, lakini lile gurudumu likatulia tuli. Nikarudia. Kushoto linakaza, kulia halikazi.

Saa yangu mimi ilikuwa ya aina nyingine, inayokaza pande zote mbili. Hii ya Gaspard ilikuwa inakula upande mmoja tu.

Niligeuka kutazama mashine. Mkono wa mti ulikuwa unazunguka kulia. Nikajua kabla sijataka kujua. Mkanda ulionyooka huzungusha magurudumu mawili upande mmoja, na mkanda uliopishanishwa huligeuza la pili kinyume. Kwa wiki mbili nilikuwa nazungusha saa ya Gaspard Jumamosi na Jumapili bila kuilisha hata tonge. Jumatatu ya kwanza palikuwa peupe na hakuna aliyehitaji dakika. Ya pili alikwenda majini na springi iliyobakiwa na pumzi ya mwisho. Mikono ikatulia kwenye usukani, saa ikalala. Akigeuka kidogo, akikohoa, akikaza mshiko, ikaamka ikatembea hatua chache, ikalala tena. Zile dakika thelathini na tano zake zilikuwa arobaini na kitu. Saa iliyokufa kabisa haidanganyi mtu, kila mmoja anaiona. Inayokufa na kufufuka bila kupiga kelele ndiyo inayoua.

Na kabla ya mashine yangu, alikuwa akiitia ufunguo kwa vidole vyake vilivyovimba, na haikuwahi kumwangusha.

"Mjomba," nikasema, "si Gaspard. Ni mimi."

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku amefumba macho.

"Duka lina jina langu," akasema. "Nitakwenda mimi kwa Kosta. Wewe ni mwanamke, umeachika, unaanza maisha. Wakisikia ni wewe, nani atakuletea saa?"

"Asiyetaka kuleta asilete."

"Mwajuma."

"Mjomba, aliyepishanisha mkanda ni nani?"

Nikavaa ushungi, nikatoka.

Sikwenda kwanza kwa Kosta. Nilikwenda hospitali. Mama Konsolata alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mkono umefungwa plasta, anachambua maharage kwa mkono mmoja. Nilimweleza habari ya mkanda, springi na upande wa kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yewe," akasema. "We unaniambia mambo ya saa. Mi sina saa. Nilikuwa na mikono mbili, sasa niko na moja, na kikapu yangu ya samaki inabebwa na mbili. Utaniambia nini juu ya kikapu?"

Jibu langu lilikuwa kukibeba. Kila asubuhi, mpaka plasta ilipokatwa, nilishuka ufukweni, nikapokea samaki wake na kuwapeleka sokoni, ndipo nikafungua duka, nikinuka samaki. Wateja wa siku zile walifungua saa zao mbali na pua. Konsolata hakusema kwamba amenisamehe. Alisema natembea haraka mno na kumwaga wadogo.

Kwa Kosta nilikwenda siku ile ile niliyotoka hospitali. Alikuwa ghalani na watu wake, akikagua magunia yaliyolowa. Nikamwambia mbele yao wote: nahodha wako hakulewa, kosa ni la mashine yangu. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa yai bovu.

"Bon," akasema. "We mwanamuke, unataka niamini kama ni mashini ndiyo ilikunywa pombe?"

Watu wakacheka. Uso wangu ulikuwa wa moto, lakini sikuwa nimekuja kuutunza uso.

"Sitaki uamini," nikasema. "Nataka uone. Leo ni Jumanne. Vaa saa hii mpaka Jumamosi saa kumi. Jioni hiyo nitaleta mashine yangu hapa ghalani, tuifunge saa humo, na ufunguo wa ghala ukae kwako. Jumatatu saa kumi na moja tukutane, uivae, uone ikisimama."

"Na kama haisimami?"

"Nitafunga duka. Na utawaambia watu fundi ni mwongo."

Alikubali, nadhani kwa ajili ya mchezo. Jumamosi nilileta mashine na mkanda wake umepishanishwa vile vile, nikaifunga saa, nikaenda nyumbani. Jumapili ile sikula. Nilikuwa na hakika ya springi, lakini hakika ya mezani si hakika ya mbele za watu. Ikiwa saa ingekataa kusimama, nisingekuwa nimejiharibia mimi peke yangu. Ningekuwa nimempigilia Gaspard msumari wa mwisho.

Jumatatu alfajiri tulikuwa watu kama kumi. Mashua ilikuwa imevutwa juu ya mchanga, maseremala wanabadilisha ubao wa mbele. Nilimwomba Kosta avae saa mkono wa kushoto, apande, akae mahali pa nahodha na mikono yote miwili kwenye usukani. Mimi nilishika saa ya mfukoni ya mjomba ili kulinganisha. Gaspard alikuwepo, nilimwita, lakini alisimama mbali kwenye kamba, kama mtu asiyehusika.

Robo saa ikapita, saa zikakubaliana. Nusu saa, zikakubaliana. Seremala mmoja akarudi kwenye nyundo yake. Kosta akaanza kupiga miayo.

"Mama, mi niko na kazi."

"Usisogee, Bwana Kosta. Nahodha hakusogea."

Jua lilikuwa linaanza kugusa mlima. Sikuondoa macho kwenye ule mshale mwembamba wa sekunde. Nilipokaribia kuhesabu saa nzima, mshale ukasitasita, ukapiga hatua moja fupi, ukasimama.

"Imesimama," nikasema kwa sauti ya chini. "Usisogee. Iangalie tu."

Akainamisha kichwa akatazama. Dakika moja. Mbili. Tano. Kwenye saa ya mjomba muda ulikwenda, kwenye mkono wake haukwenda. Uso wa Kosta ulibadilika kidogo kidogo.

"Imekufa!" akapiga kelele, akainua mkono juu kuwaonyesha maseremala. "Angalieni, imekufa!"

Na pale mkono ulipoinuka, mshale wa sekunde ukaondoka, tik, tik, tik, ukatembea mbele ya macho ya watu wote kana kwamba haujawahi kupumzika.

Hakuna aliyecheka. Kosta alishusha mkono taratibu, akautazama kama si wake. Saa ilikuwa nyuma dakika tano na inatembea vizuri, na mtu yeyote ambaye angeitazama wakati huo angeiamini. Kisha akavua saa, akashuka mashuani, akatembea juu ya mchanga mpaka pale Gaspard aliposimama, akampa saa kwa mikono miwili.

"Mi nilikuita mulevi mbele ya watu," akasema. "Leo nasema mbele ya watu, haukuwa mulevi. Mashua ikipona, nahodha ni wewe."

Gaspard aliipokea. Aliigeuza geuza, akainama kuitazama, na mabega yake yale kama mlango yakaanza kutikisika. Tukaangalia ziwa, sote, mpaka akamaliza.

Sasa nijibu swali, nisije nikaambiwa nimezunguka kuliko ile mashine. Mashine ya kuzungusha saa ina faida mezani kwa fundi. Ukishatengeneza otomatiki, ifunge humo siku mbili, ujue kama inakaza, na ujue kwanza inakaza upande gani. Nilinyoosha ule mkanda, nikaitumia yangu hivyo mpaka mota ilipoungua. Haitaivunja springi ya mteja kwa kuijaza mno, springi hizo zimefanywa ziteleze zikishiba. Lakini inasugua vyuma usiku na mchana kwa ajili ya mtu ambaye hata hatazami saa ni ngapi. Kwa mwenye saa nyumbani, saa iliyolala ndani ya sanduku haidhuriki. Aiamshe kwa mizunguko thelathini, aitie majira, aende. Ile mashine itamwokolea nusu dakika na kumnyang'anya mazoea ya kuishika saa yake na kuuliza kama iko hai.

Kuhusu vidole vya Gaspard, dawa ilikuwepo tangu mwanzo, na ilikuwa ndogo mno kwa mtu aliyetaka kutazamwa na mapadri. Nilitoa kile kidude cha pembeni, nikaweka kikubwa cha saa ya mfukoni, chenye meno makubwa. Sura ya saa iliharibika. Vidole vyake vilikishika vizuri.

Mashua ilipopona, asubuhi ya safari ya kwanza ilikuwa Jumatatu, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magoti ya watu. Abiria walikusanyika gatini na mizigo yao, na hakuna aliyepanda. Waliitazama mashua, wakamtazama Gaspard, wakatazamana. Nilikuwa nimekwenda kuaga tu. Sikuwahi kuingia majini maishani mwangu, na kuogelea sijui hata leo.

Gaspard aliniona. "Dada fundi," akaniita kutoka mashuani, "saa hii ni muzuri?"

"Ni nzuri."

"Basi ingia."

Nilikunja kanga yangu nikaingia, nikakaa kwenye ubao karibu naye. Nyuma yangu nikasikia mmoja akapanda, kisha wawili, kisha vikapu. Alihesabu mizunguko thelathini kwa sauti, ili kila mtu asikie, akawasha mota. Rasi ilipotupita ikamezwa, hapakubaki kitu duniani ila weupe na mngurumo. Mara kwa mara aliondoa mkono kwenye usukani, akanionyesha saa bila kusema, nami nikailinganisha na niliyoshika. Kumi. Ishirini. Thelathini. Nyuma yetu mtu alikuwa anasali rozari kwa Kinyarwanda, na mimi nilikuwa nasoma Ayatul Kursi mara ya tano au ya sita.

"Makumi tatu na tano," akasema Gaspard.

"Thelathini na tano," nikasema.

Akageuza kushoto. Mota ikapungua. Tukaenda hivyo, polepole, hakuna anayepumua, mpaka nikasikia mbele yetu, karibu kabisa, wanawake wakibishana bei ya samaki, na ndani ya ule weupe ubao wa kituo ukajitokeza, ukagusa ubavu wa mashua kwa upole.